Sifa ya Kabila Nayo Hubagua: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuitumia

"Nitafutie msichana wa Magharibi. Hao ni wachapa kazi."

Simu ya namna hii imezoeleka kwa watu wanaotafutia wenye nyumba wafanyakazi mjini Nakuru, na anayeipiga hana nia mbaya. Anajua amesifu. Lakini tazama sifa hiyo imefanya nini kabla hata simu haijakatwa. Msichana wa Kakamega, huko Magharibi mwa Kenya kwa Waluhya, amepata kazi na mzigo juu yake: akichoka saa nne usiku ataambiwa, "Kwani si nyinyi mnasifiwa kwa nguvu?" Msichana wa Kisii aliyeketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, mwenye miaka mitatu ya kulea watoto wachanga, hajaulizwa hata jina. Na mwenye nyumba, aliye na mtoto wa miezi 8, hajauliza swali ambalo lingemfaa kuliko yote: huyu anayekuja amewahi kukaa na mtoto anayeanza kutambaa?

Mwongozo huu ni wa waajiri, walimu, makocha, wauguzi na viongozi wa chama na kanisa, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega, Bungoma na Eldoret. Ni wa mtu ambaye hatukani kabila la mtu, anayesifu tu, na ambaye hajawahi kujiuliza kama sifa inaweza kudhuru.

Je, ni ubaguzi?

Kwa mazoea tunatenganisha mambo mawili. Ubaguzi wa rangi tunauona ni wa Mzungu na Mwafrika, na ukabila ni wetu sisi kwa sisi. Sheria ya Kenya haitenganishi hivyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka rangi, mbari, uraia na asili ya kikabila katika fungu moja, na inaueleza ubaguzi kuwa ni kumtendea mtu vibaya kuliko unavyowatendea wengine kwa misingi hiyo. Haiulizi kama maneno yaliyotangulia yalikuwa matamu au machungu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinamkataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa asili ya kikabila, lugha au kuzaliwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uajiri ya 2007 kinaleta katazo hilo hadi mlangoni pa duka na shamba lako: kuajiri, kufundisha kazi, kupandisha cheo, kulipa na kufuta.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kusema mezani kwamba Waluo ni wasomi hakutakupeleka mahakamani. Hata hivyo wazo lililo ndani ya sifa hiyo ni lile lile lililo ndani ya tusi: kwamba ukishajua mtu ametoka kwa nani, umeshajua anaweza nini. Na siku sifa inapoamua nani apate kazi, alama, cheo, mkopo au dawa, huo ni ubaguzi kamili. Utamu wake haupunguzi kitu kwa yule aliyebaki nje.

Kila sifa ina mkia

Anayesikia "Waluo ni wasomi" mara nyingi amesikia na kipande kinachofuata, kwamba wanapenda makuu na pesa hawajui kuiweka. "Wakikuyu wanajua biashara" huvuta "wanapenda pesa kuliko watu". "Waluhya ni waaminifu na wana nguvu" huishia getini na jikoni, kwa maana nguvu na uaminifu ndizo sifa anazotafutiwa mlinzi na mpishi, si meneja. "Wakalenjin ni wakimbiaji" humfanya mwalimu asihangaike na daftari la hesabu la mtoto aliyetoka Iten. "Wakamba ni watiifu" ni sifa anayopewa mtu wa kutumwa. Hatuzirudii hapa ili zienee, bali ili msomaji aone jinsi nusu ya kwanza inavyokuja na ya pili hata pale ambapo mdomo umenyamaza.

Mkia huo una historia. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilikuwa na jamii lililoziita za kivita, Wakamba na Wakalenjin wakiwa miongoni mwao, na likazitafuta hizo zaidi lilipoandikisha askari. Kitambulisho kilichoitwa kipande, alichofungwa nacho mfanyakazi Mwafrika tangu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kiliandikwa kabila lake pamoja na mshahara na jina la mwajiri wake. Aliyegawa sifa hizo alikuwa anatafuta mikono ya kazi, akasifu kile alichotaka kukitumia.

Sifa hugeuka upesi nyakati zikiwa mbaya. "Wahindi wanajua biashara" ilisemwa kwa heshima Uganda kama inavyosemwa Kisumu. Agosti 1972, Idi Amin aliichukua sentensi hiyo hiyo akaisoma upande wa pili, kwamba wanaukamua uchumi, akawapa Waasia siku 90 kuondoka. Hapa kwetu, watu 1,133 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza mauaji hayo, na Nakuru na Naivasha ziliwaka moto mwishoni mwa Januari 2008. Aliyekuwa akiitwa hodari wa biashara aliitwa mnyang'anyi wa biashara. Hakuhitaji kufanya jambo lolote jipya ili jina libadilike.

Namna ya kuipima sifa

Unapojikuta ukitaka kuitamka au kuitumia, ipitishe kwenye maswali manne. Yanachukua nusu dakika, na ukiyazoea yatakuja yenyewe.

La kwanza: inaamua nini? Kama kuna kitu kinagawanywa, yaani kazi, zamu, mkopo, nafasi ya timu, kiti cha kamati, basi simama hapo. Sifa ya kabila haiingii kwenye uamuzi, hata iwe ya kweli kiasi gani machoni pako.

La pili: igeuze. Ukisema Waluhya ni waaminifu, mwangalie Mkisii au Mturkana aliye chumbani humo ujaribu kumwambia, "Wewe si mwaminifu kama wao." Kama huwezi kulitoa neno hilo, ujue umeshalitoa tayari kwa njia ya mzunguko.

La tatu: kitendo kiko wapi? Taja kitu kimoja ulichomwona mtu huyu akifanya. Ukiwa nacho, kisifu hicho. Kabila halihitajiki tena. Ukikikosa, hujamjua mtu, umejua jina lake la ukoo.

La nne: kapu ni kubwa kiasi gani? Sensa ya 2019 iliwahesabu Waluhya 6,823,842. Ndani yao kuna Wabukusu, Wamaragoli, Watiriki, Wabanyore, Waidakho, Waisukha, Wawanga, Wakabras, Wasamia na wengine, na jina lenyewe la kuwakusanya lilienea katika miaka ya 1930 na 1940 tu. Kalenjin kama jina la pamoja ni la miaka ya 1940 pia. Tabia moja haiwezi kuenea sawasawa kwa watu milioni saba. Mnunuzi wa samaki aina ya mbuta pale Dunga, ufuoni Kisumu, hanunui kwa kusifu ziwa. Huinua kila samaki, akafunua matamvua aone kama bado ni mekundu, akabonyeza mnofu aone kama unarudi, na aliyelegea humrudisha hata kama ametoka kwenye mtumbwi mmoja na wale wazuri. Methali ya samaki mmoja akioza hamshawishi. Angekula hasara kila siku.

Kuajiri bila kuegemea sifa

Hapa ndipo madhara yanapokuwa makubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza kwa kuiandika kazi yenyewe, si mtu unayemwona akilini. Yule mama wa Nakuru, badala ya "msichana wa Magharibi", angeandika: mtoto wa miezi 8, anakula uji na matunda, kupika chakula cha jioni cha watu 5, kufua kwa mkono mara mbili kwa wiki, kulala hapa, Jumapili ni mapumziko, kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kumaliza saa mbili usiku na saa mbili za kupumzika mchana. Mistari michache. Kila mstari unaweza kuulizwa kwa mdomo au kujaribiwa kwa mikono. "Mchapa kazi" haliwezi kupimwa, ndiyo maana kabila huja kuziba pengo lake. Sehemu isiyoandikwa ndiyo sehemu ambayo ukabila huingilia.

Kwa kazi ya dukani au ofisini, ficha majina kabla ya kuchagua wa kuitwa. Kwetu jina la pili hutaja kabila kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mtu mmoja asiyetoa alama apokee barua zote, aandike namba juu ya kila moja (1, 2, 3 na kuendelea), kisha afunike jina, kaunti ya nyumbani, shule ya msingi, kanisa, majina ya wadhamini na nakala ya kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kina mahali pa kuzaliwa. Kosa tunaloliona sana ni kufunika jina na kuacha shule ya msingi. Anayejua vijiji vya Siaya au Nandi atalijua kabila kwa mstari huo peke yake. Kosa jingine ni aliyefunika majina kuwa miongoni mwa wanaotoa alama. Kazi yote inakuwa bure.

Kisha wape wote jaribio moja la kazi. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi linatafuta keshia. Kila anayeitwa apewe bahasha yenye noti 9 za shilingi 1,000, noti 12 za 500, noti 13 za 200, noti 6 za 100, sarafu 5 za 20 na sarafu 5 za 10. Jumla ni shilingi 18,350. Apewe na risiti 15, moja ikiwa imejumlishwa vibaya kwa makusudi. Muda ni dakika 12 kwa saa ya ukutani. Hesabu ya pesa ipewe alama 40, risiti yenye kosa 30, namna anavyomjibu mteja anayedai chenji zaidi 20, na vyeti 10. Keshia hodari na keshia dhaifu watatengana mbele ya macho yako, na hutahitaji kukumbuka kwamba watu fulani "wanajua pesa".

Wawili watoe alama, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kuzungumza mpaka wamalize. Anayesema kwanza humvuta mwenzake, hasa akiwa mkubwa wake. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 10, kila mmoja asome alichoandika kuhusu kile alichokiona. "Nilimpenda tu" na "huyu anafaa kaunta" si sababu. Hapo ndipo sifa ya kabila hujificha, na mwenye kuisema pengine hajui kwamba ameibeba.

Swali la kufungulia mazungumzo nalo libadilike. "Nyumbani ni wapi?" ni la ukarimu kwenye matatu, lakini kwenye usaili linafungua droo ya sifa zote kwa pamoja, na kila jibu litakalofuata litasikika kupitia droo hiyo. Anza na: "Siku ya mwisho uliyofanya kazi kama hii, ilianzaje?"

Lugha inahitaji uangalifu wake. Kuna kazi zinazodai Dholuo, Kibukusu au Kinandi kwa haki kabisa: mhamasishaji wa afya anayepita nyumba kwa nyumba Nyalenda mjini Kisumu, afisa wa kilimo anayekutana na wazee mashambani. Taja kazi yenyewe inayodai lugha hiyo, halafu wajaribu wote waliokuja kwa mazungumzo ya dakika 5 na mzungumzaji wa lugha. Mmaragoli aliyekulia mtaa wa Manyatta huko huko Kisumu anaweza kuizungumza Dholuo ya kukushangaza, na Mluo aliyekulia Nairobi akakwama kwenye salamu. Ukiandika "awe Mluo" umebagua; ukiandika "aweze kueleza ratiba ya chanjo kwa Dholuo" umeajiri.

Taasisi za umma zina kikomo cha ziada: chini ya Sheria ya 2008, wafanyakazi wa kabila moja wasizidi theluthi moja. Penye watu 27, wa kabila moja wasizidi 9. Kikomo hicho hupima idadi tu. Hakikupi ruhusa ya kumweka kila mtu kwenye dawati linalolingana na sifa ya watu wake, Mluhya getini, Mkikuyu kwenye fedha, Mluo kwenye mawasiliano. Ofisi inaweza kutimiza theluthi vizuri sana na bado ikawa inabagua ndani yake.

Barua ya mdhamini nayo isikupite. Badala ya "ni mtu wa Vihiga, kwa hiyo mwaminifu", andika: "Ameshika ufunguo wa stoo kwa miezi 14. Stoo huhesabiwa kila mwisho wa mwezi, na hakuna kilichopungua." Hiyo ni sifa ambayo mtu anaweza kutembea nayo popote, na ni yake.

Shuleni na uwanjani

Hata kwenye mtihani sifa inaweza kudhuru. Watafiti nchini Marekani waliwapa wanawake wenye asili ya Asia mtihani wa hesabu. Katika utafiti wa 1999, walipokumbushwa asili yao kwa njia ya chini chini, walifanya vizuri zaidi. Katika ule wa 2000, walipofanywa waone wazi kwamba watu wanawatarajia kung'aa kwa ajili ya asili yao, umakini ulivurugika na alama zikashuka. Sifa iliyowekwa wazi iliwageukia kuwa deni. Mtoto anayeambiwa "nyinyi si ndio wasomi" anaogopa swali la kwanza asilolijua, na mwenzake wa dawati la pili anajifunza kwamba usomi una wenyewe.

Msifu kwa alichokifanya na ukitaje: "Umepanga hatua za hesabu mstari kwa mstari, nimeliona kosa lako kwa urahisi." Mweka hazina wa darasa achaguliwe kwa daftari la wiki mbili, si kwa jina la baba. Na kocha, badala ya kuwatazama waliotoka Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, awapime wote mita 1,500 mwanzoni mwa muhula, baada ya wiki 4 na baada ya wiki 8, akiandika dakika na sekunde. Anayepunguza sekunde nyingi ndiye anayefaa kuangaliwa, hata kama mara ya kwanza alifika wa mwisho.

Tunajua hoja itakayokuja: lakini Wakalenjin kweli hukimbia! Wengi wao hukimbia vizuri sana, na sababu ziko wazi: Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna kambi, kuna makocha wa miaka mingi, na kuna mtoto anayemwona jirani akirudi na medali tangu siku za Kipchoge Keino huko Mexico 1968. Hizo ni sababu za mahali, mazoezi na njia iliyofunguliwa. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, Mkikuyu, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni, Beijing 2008. Julius Yego, Mnandi, yaani Mkalenjin, alikuwa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki 2015 kwa mita 92.72, baada ya kujifunza sehemu kubwa kwa kutazama video za intaneti. Ferdinand Omanyala, kijana wa Magharibi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi Septemba 2021. Kocha aliyeshikilia kapu lake asingempa hata mmoja wao nafasi.

Hospitalini

Sehemu hii ni fupi lakini ni nzito. "Hawa ni wavumilivu" ni sifa inayoweza kumnyima mtu dawa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2016 ulikuta kwamba takriban nusu ya wanafunzi na madaktari wanafunzi Wazungu walioulizwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, mathalani kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Na walioamini hivyo walipima maumivu yake kuwa madogo na kupendekeza tiba isiyofaa. Ubaguzi wenyewe ulivaa nguo ya sifa: wana nguvu.

Wodi ya kujifungulia ya kwetu haijasalimika. Kila mama aulizwe maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 10, yaandikwe pamoja na saa, aulizwe tena baada ya kupewa dawa. Mama aliyelelewa kutopiga kelele anaweza kuwa kwenye 9 akiwa kimya kabisa. Usiusome uso wake kwa kabila lake, muulize.

Kwenye mkutano, mtu akiisema

Mara nyingi anayeisema ni mkubwa wako, na adabu inataka umjibu bila kumvunjia heshima. Mwenyekiti wa chama anasema, "Mweka hazina awe Mkikuyu, hao pesa wanaijua." Usimwite mkabila mbele ya watu, atajitetea yeye, na hoja itapotea. Mpe kazi nyingine ya kufanya: "Mwenyekiti, naomba tuangalie rekodi. Nani kati yetu ameshika daftari mwaka mzima likatoka sawa na benki?" Swali hilo humwondoa kila mtu kwenye kabila na kumrudisha kwenye daftari, naye mwenyekiti hajaaibika.

Kama sifa imekuangukia wewe: "Asante, mzee. Hesabu hii nilijifunza kwa shangazi yangu sokoni Kibuye, si kwa kuzaliwa." Umepokea heshima, umerudisha jasho kwa aliyelitoa. Akiwa rafiki wa karibu unaweza kusema wazi zaidi: "Ukinisifu hivyo, mwenzangu wa Kisii anasikiaje?"

Sifa inayokubalika

Hatusemi watu waache kujivunia kwao. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho ni yao na inapendeza. Huko Tabaka, Kisii, kuna mafundi wengi wa mawe ya sabuni kwa sababu mawe yako huko na baba humfundisha mwana. Ufundi unaofundishwa na mahali unapofundishwa vinaweza kusifiwa bila kumnyima mtu yeyote. Kosa huanza tunaposema mikono hiyo ilizaliwa hivyo.

Waluo wana pakruok. Katikati ya nyatiti au ohangla mtu husimamisha muziki, akatoa pesa, akajisifu au kumsifu rafiki yake kwa jina, kwa mama yake, kwa kijiji na kwa majina ya majigambo. Ni sifa kubwa, tena ya kelele. Lakini inamhusu huyo aliyesimama hapo, na yeyote anayefuata anaweza kutoa chake akajibu. Utani wa makabila nao una kanuni hiyo hiyo: pande zote mbili ziweze kujibu, asiwepo mwenye mamlaka juu ya mwenzake, na pasiwe na kitu kinachogawanywa. Meneja akimtania karani kwa kabila lake, huo si utani tena, kwa kuwa karani hawezi kumrudishia.

Ukigundua umeshakosea

Usieleze nia. Aliyeumizwa anajua nia yako ilikuwa njema. Ndiyo maana imemwia vigumu kulalamika. Taja kitendo, rekebisha, kisha nyamaza: "Jana nilikupa zamu za usiku kwa sababu nilisema watu wa kwenu ni imara. Haikuwa haki. Kuanzia Jumatatu zamu zinazunguka kwa wote 6." Ratiba ibandikwe ukutani siku hiyo hiyo.

Mwajiri ahifadhi karatasi za alama. Dai la kazi linaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3, na Sheria ya Uajiri inamtaka mwajiri ndiye aonyeshe kwamba hakubagua. Asiye na karatasi hana cha kuonyesha. Mfanyakazi naye aandike siku hiyo hiyo: tarehe, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, waliokuwepo, na kile kilichofuata, yaani nani alipata zamu au cheo. Maneno peke yake ni dai dhaifu; maneno pamoja na kilichofuata ndiyo yanayosimama. Aanzie ofisi ya kazi ya kaunti, au Tume ya Uwiano na Utangamano, na ikibidi Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Nakuru na Kisumu pia.

Na wewe unayepigiwa ile simu ya Nakuru, una nafasi ambayo mwenye nyumba hana: unawajua walioketi kwenye benchi. Mjibu hivi: "Mama, ninao wanne hapa. Niambie kazi yenyewe na umri wa mtoto, nikutajie nani ameifanya na kwa muda gani." Akisisitiza awe wa Magharibi, muulize ni kazi gani hasa anayoogopa haitafanywa. Mara nyingi atakuambia: yule wa mwisho aliondoka bila kuaga, au mtoto aliachwa peke yake. Liandike hilo, umtafutie anayeweza kulijibu, na umwite yule wa Kisii aingie ndani azungumze na mama kwenye simu mwenyewe.